Maradhi Yanayojificha Nyuma ya Homa

Katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka ubavu wa Rukwa mwaka 2012 na kupewa Mpanda kuwa makao yake makuu, chakula kikuu ni mahindi, na mahindi hayo, pamoja na kushibisha kwake, yana upungufu mmoja ambao wataalamu wa lishe wameulalamikia kwa miaka mingi, nao ni kwamba protini yake ina lisini kidogo. Lisini ni mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi ambavyo protini zote za mwili huundwa kwavyo, tena ni katika zile ambazo mwanadamu hawezi kujitengenezea mwenyewe, akawa hana budi kuzipata katika chakula. Gramu 100 za protini ya mahindi hazifikishi hata gramu 3 za lisini, ilhali kiasi hicho hicho cha protini ya maharage hukaribia gramu 7, na samaki huyapita hata maharage. Ndiyo maana ugali wa Mpanda ukiletwa pamoja na maharage ya Mishamo, au na migebuka ya Ziwa Tanganyika iliyoshushwa Karema, huwa ni chakula timamu, na ugali mtupu sivyo. Mwaka 1964 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba katika aina moja ya mahindi iko jeni inayoongeza lisini, na juhudi iliyofuata, ambayo iliwapa Surinder Vasal na Evangelina Villegas Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000, ilifika mpaka Tanzania, ambako mbegu zilizotokana nayo zilipewa jina la Lishe.

Basi wako watoto ambao kwao hesabu hii yote hupinduka, ambao lisini, badala ya kuwajenga, huwabomoa, na ambao ule ugali unaolaumiwa kwa umaskini wake ndio chakula kisichowaelemea sana. Watoto hao huzaliwa wakiwa wamekosa kimeng'enya kimoja tu kati ya maelfu, na mtoto wa namna hiyo, akizaliwa katika nchi ya homa kama Katavi, aweza kuharibikiwa maisha yake yote pasiwe na mtu, si mzazi wala mganga wala muuguzi, aliyeyatambua maradhi yaliyompata.

Mwili hauna ghala ya asidi amino. Mafuta huwekwa chini ya ngozi, na sukari huwekwa akiba kidogo katika ini, lakini lisini iliyozidi mahitaji ya leo haiwezi kungoja kesho. Sharti ivunjwe na kuchomwa, na pahali pa kuivunjia ni ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo mno vilivyomo katika seli, ambamo chakula hukutanishwa na oksijeni hata kikatoa nguvu. Kazi hiyo haitendeki kwa mkupuo mmoja bali kwa hatua nyingi zifuatanazo, kila hatua ikiwa na kimeng'enya chake, mfano wa ile reli iliyofunguliwa mwaka 1950 kati ya Kaliua na Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi ya machimbo ya Uruwira: behewa lililotoka Mpanda halikuwa na njia nyingine ya reli ya kufikia Tabora na pwani isipokuwa kupita Kaliua, na lau Kaliua ingalifungwa, mabehewa yangalijazana nyuma yake hata Mpanda yenyewe ikakosa nafasi ya kuweka jingine.

Katika njia ya lisini, na ya mwenzake triptofani ambaye huungana naye mbele kidogo, Kaliua ni kimeng'enya kiitwacho glutarili-KoA dehidrojenasi, jina zito ambalo nitalipunguza hapa niseme kimeng'enya cha glutarili. Kimeundwa kwa vipande vinne vilivyo sawasawa, kila kipande kikishika chembe iliyotengenezwa kwa vitamini B2, na kazi yake ni kuipokea glutarili-KoA, kuinyang'anya hidrojeni na hewa ya kaboni, na kuiacha ikiwa krotonili-KoA, ambayo huendelea salama hadi mwisho wa safari. Kimeng'enya hiki kikikosekana, glutarili hurundikana, kisha hugeuka kuwa asidi ya glutariki na asidi nyingine ya ukoo huo huo iitwayo hidroksiglutariki. Sehemu ya asidi hizo hutoka pamoja na mkojo na kwenda zake. Lakini zile zinazozalikana ndani ya ubongo wenyewe hunaswa humo, kwa sababu ule utando unaoutenga ubongo na damu, ambao kwa siku zote ni hifadhi yetu, hauziachilii kutoka kwa wepesi.

Mtoto mwenye upungufu huu huzaliwa akiwa mzima machoni pa wote: hunyonya, hucheka, hushika kidole cha mama yake, na watu hawamdhanii lolote. Pengine dalili ya pekee ni kichwa kilicho kikubwa kidogo kuliko rika lake, ambacho muuguzi wa kliniki angekigundua kama angezungusha utepe wa kupimia, jambo ambalo katika foleni ya asubuhi, yenye mizani moja na akina mama wengi, si rahisi kulidai. Maziwa ya mama, ambayo protini yake ni chache, humstahi; maziwa ya ng'ombe, yenye protini mara tatu ya hayo, humlemea zaidi. Kisha, aghalabu kati ya mwezi wa 3 na mwaka wa 3 wa umri wake, huja homa, au kuhara, au kutapika, maradhi ambayo hakuna mtoto asiyeyapata; mtoto hukataa chakula, na mwili uliokosa chakula huanza kujila wenyewe, ukiyeyusha misuli ili upate nguvu. Hapo ndipo penye siri ya maradhi haya, maana misuli imejaa lisini, hata mtoto ambaye hajapata kuonja samaki wala maharage hufurikwa na lisini itokayo katika nyama ya mwili wake mwenyewe. Muda wa siku moja au mbili hutosha. Sumu hupanda, na sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, iitwayo striatamu, ambayo kazi yake ni kuratibu mwendo wa viungo, hufa isirudi tena. Homa hupoa, watu humshukuru Mungu, lakini mtoto aliyekuwa akikaa hawezi tena kukaa. Shingo humlegea, kisha mikono na miguu hujinyonga kwa mikazo isiyozuilika, na kumeza mate kukawa mashaka. Akili, kwa kawaida, husalimika kuliko viungo, na hilo ndilo nilionalo chungu kupita yote, kwamba ndani ya mwili ule uliopinda yumo mtoto anayeyafahamu yanayosemwa juu yake wala hana njia ya kujibu. Pasipo matibabu, katika kila watoto 10 wenye upungufu huu, 8 hadi 9 hufikwa na msiba huo.

Maradhi haya yalipata jina mwaka 1975, Stephen Goodman na wenzake wa Colorado, Marekani, walipoyaeleza kwa mara ya kwanza katika watoto wawili wa tumbo moja. Kwa miaka kadhaa yalihesabiwa kuwa ni ajabu ya vitabuni, kitu cha kusomwa na kusahauliwa, mpaka mwaka 1988, tabibu Holmes Morton alipopokea mkojo wa mtoto mmoja wa jamii ya Waamishi wa Pennsylvania, watu wa dini walao jasho la shamba na wasafirio kwa magari ya farasi, mtoto ambaye ulemavu wake ulikuwa umeandikwa kuwa ni wa kuzaliwa. Morton aliiona asidi ya glutariki, akaenda mwenyewe mpaka mashambani, na huko akaonyeshwa watoto wengine wa hali ile ile, nyumba baada ya nyumba, ambao kila mmoja alikuwa na cheti kisemacho sababu nyingine. Mwaka 1989 alifungua zahanati katika nchi yao hiyo. Watoto waliozaliwa baadaye, wakapimwa mapema na kutibiwa kabla ya homa ya kwanza, wengi wao walinusurika. Hawakuwa wa damu nyingine wala wa jeni nyingine, ila walitanguliwa na mtu aliyejua la kutafuta.

Sasa nirudi Afrika, maana msomaji wa Mpanda aweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa mbali. Mwaka 2010 watafiti wa Afrika Kusini, wakiongozwa na George van der Watt, walichapisha habari za wagonjwa 14 wa upungufu wa kimeng'enya cha glutarili waliotambuliwa katika nchi yao, wengi wao wakiwa wametambuliwa si kwa kuwa maradhi yameongezeka bali kwa kuwa maabara ilikuwa imeanza kupima mkojo kwa njia iliyo kali zaidi. Kati ya hao, 12 walikuwa Waafrika weusi wasio na udugu wa karibu baina yao, na 11 waliopimwa jeni walikutwa wote wana kasoro moja ile ile, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Ndipo watafiti walipochukua damu za watoto wachanga weusi 750 ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, wakaitafuta kasoro hiyo, wakaikuta kwa mtoto mmoja katika kila 36.

Hesabu yake si ngumu, nami nitaifanya taratibu kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa. Jeni ya kimeng'enya hiki, ijapokuwa kimeng'enya chenyewe hufanya kazi katika mitokondria, haimo humo. Imo katika kromosomu ya 19, na kila mtu anazo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye moja nzima na moja mbovu haumwi kamwe, wala hajui, maana ile nzima hutosha. Lakini wakikutana mume na mke wenye hali hiyo wote wawili, kila mimba yao ina bahati moja kati ya nne ya kuzaa mtoto aliyerithi mbovu zote mbili. Ikiwa mtu mmoja katika 36 anayo jeni mbovu, basi ndoa moja katika 1,296 itawakutanisha wawili wa namna hiyo, na robo ya watoto wao wataugua, ikawa mtoto mmoja katika 5,184. Kwa kulinganisha, makadirio ya dunia kwa jumla huwa ni kama mtoto mmoja katika 100,000. Maradhi yaliyodhaniwa kuwa nadra sana, kumbe katika watu wale hayakuwa nadra. Macho ndiyo yaliyokuwa machache.

Watu wale husema Kixhosa, Kizulu, Kisotho na ndugu zake, lugha ambazo mwenye kusikia Kibende au Kipimbwe au Kikonongo hachelewi kuutambua udugu wao, na wahenga wao walishuka kusini katika uhamaji ule ule mkubwa wa Wabantu ulioipitia Afrika Mashariki. Sisemi kwamba udugu wa lugha ni ushahidi wa damu, maana jeni moja yaweza kuenea upande mmoja na kupotea upande wa pili. Nasema kwamba ni sababu tosha ya kutafuta, na sababu iliyo na nguvu kuliko zile ambazo kwazo tabibu wa Pennsylvania alifunga safari. Fauka ya hayo, ile hesabu huondoa lawama moja ambayo katika nyumba nyingi zetu humwangukia mke peke yake mtoto anapolemaa: hapa baba na mama wamechangia sawa kwa sawa, na hakuna katika wawili hao aliyetenda kosa.

Lakini Katavi ni nchi ya malaria. Mbu wa bonde la mto Katuma na wa ukingo wa ziwa hawapumziki sana, na mtoto anayeletwa zahanati akiwa na joto kali na degedege hupimwa malaria kwanza, na ni haki apimwe, maana ndiyo iuayo upesi. Tatizo ni kwamba katika nchi ambayo watoto wengi hubeba vijidudu vya malaria, jibu la kuwa navyo halizuii maradhi ya pili kuwamo ndani ya mtoto yule yule. Na malaria iliyopanda kichwani yenyewe huacha vilema vinavyofanana na hivi, kiasi kwamba mtoto akitoka katika homa akiwa hawezi kukaa, wauguzi na wazazi wote huwa wamekwisha kupata sababu, na akipata mtu sababu inayotosha hatafuti nyingine. Huko nyuma, na hata leo katika baadhi ya vijiji, degedege lilikuwa la ndege au la shetani, na sindano iliogopwa kwamba humwua mtoto wa namna hiyo. Maelezo yale na haya ya malaria yametofautiana sana kwa ukweli, lakini kwa mtoto aliyekosa kimeng'enya huishia mahali pamoja.

Naukumbuka hapa wasifu wa Adrian Atiman, ambaye katika historia ya utabibu wa mkoa huu sioni wa kumtangulia. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa ufuko ule wa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Homa zote za watoto zilipita mikononi mwake kwa miaka 67, na upungufu huu ulipata jina miaka 19 baada ya yeye kuzikwa.

Kinachoshangaza ni kwamba dawa ya saa ya hatari, kinyume cha kipimo chake, si kitu cha ajabu. Maadamu hatari inatokana na mwili kujila wenyewe, kinga ni kuuzuia usijile, na kiuzuiacho ni sukari: mtoto mwenye upungufu huu, mara tu anapopata homa au kutapika, hupewa glukosi kwa wingi, kwa mdomo ikiwa anaweza kumeza na kwa dripu ikiwa hawezi, protini husimamishwa kwa siku moja hivi na kurudishwa taratibu, homa huteremshwa, naye huongezewa kanitini, ambayo huifunga ile glutarili na kuitoa nje kwa mkojo. Dripu ya glukosi imo katika vituo vyetu vya afya, kwa kuwa malaria kali nayo hushusha sukari ya damu na huhitaji dawa hiyo hiyo. Kinachopungua ni kujua kwamba mtoto huyu asingoje: kwamba kwake saa za jioni hadi alfajiri ni nyingi mno, na kwamba mzazi wake anastahili kuwa na barua ya tabibu mkononi, ya kumpitisha mbele ya foleni.

Kujua huko kwahitaji maabara. Mkojo hupitishwa katika mashine inayozitenganisha asidi na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake, na hapa wale wa Afrika Kusini walitoa onyo la maana, kwani watu 5 kati ya wagonjwa wao 14 walitoa asidi ya glutariki kidogo tu, kiasi cha kumdanganya mpimaji asiye mwangalifu, ilhali ile hidroksiglutariki ilikuwa juu kwa wote. Njia ya pili ni tone la damu. Robert Guthrie wa Marekani, miaka ya mwanzo ya 1960, ndiye aliyeonyesha kwamba damu ya kisigino cha mtoto mchanga ikikaushwa juu ya karatasi yaweza kusafirishwa kwa posta na kupimwa mbali, naye aliifanya kwa ajili ya maradhi mengine ya asidi amino. Leo mashine moja husoma katika tone hilo hilo dalili za maradhi mengi ya kurithi kwa dakika chache, na upungufu wa kimeng'enya cha glutarili umo katika orodha ya nchi nyingi zilizotajirika.

Karatasi hiyo si ngeni Katavi. Watoto wa mama wanaoishi na virusi vya ukimwi huchomwa kisigino wafikapo wiki 4 hadi 6, matone hukaushwa juu ya karatasi maalumu, na karatasi hufunga safari hadi maabara kubwa, majibu yakarudi zahanati. Muhimbili na Bugando kadhalika wamekwisha kuwapima watoto wachanga kwa ajili ya selimundu, maradhi mengine ya kurithi ambayo Tanzania ina mzigo mkubwa wake. Njia ya karatasi, basi, imekwisha kukanyagwa. Kilichobaki ni mashine na watu wa kuisoma, na hizo ni fedha, na juu ya fedha watawala wana haki ya kuuliza kipi kitangulie, kwa kuwa malaria na utapiamlo haviwezi kuambiwa vingoje. Mimi ningeridhika kwanza na jambo dogo zaidi, nalo ni hospitali za rufaa kupeleka mkojo wa kila mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyelemaa ghafla baada ya homa, kama alivyofanya Morton kwa mtoto mmoja.

Aliyekwisha kutambuliwa huishi kwa chakula kilichopimwa. Lisini haiwezi kuondolewa yote, maana pasipo yoyote mtoto hakui, wala mzazi asijaribu kumnyima mwanawe maharage na samaki kwa kusoma makala. Tabibu na mtaalamu wa lishe ndio wanaopima, wakihesabu uzito wa mtoto na umri wake, na katika nchi zenye uwezo hutoa unga uliotengenezwa kwa asidi amino zote isipokuwa lisini. Katika hesabu hiyo uji na ugali wa mahindi hupata heshima usiyoizoea, kwa sababu humpa mtoto nguvu nyingi na lisini chache. Ukali huo, hata hivyo, si wa milele. Striatamu hukomaa, na mtoto aliyefikisha miaka 6 ubongo wake ukiwa salama ni nadra sana kufikwa na ule msiba wa ghafla. Baada ya hapo chakula hulegezwa, unga ule maalumu huachwa, kanitini huendelea, naye hukaa na wenzake katika sinia moja, akiangalia tu asizidishe nyama na samaki.